Toba Yenye Anwani

Aliyekaa kanisani miaka mingi katika nchi zetu huujua ushuhuda kabla msemaji hajafungua kinywa. Atasimama, atasema Bwana Yesu asifiwe, ataitikiwa. Atasimulia pombe, waganga, ugomvi wa nyumbani, wizi wa hapa na pale. Atataja mwaka aliookoka, atashukuru, ataketi, na kwaya itainuka. Mara nyingi anayoyasema ni kweli tupu, na mimi si mtu wa kubeza machozi ya mwenzangu. Hata hivyo kuna kitu hukosekana. Dhambi zote katika simulizi hiyo ni za zamani. Hakuna hata moja ya juzi. Tena hazina mwenyewe. Haitokei mtu akainuka kwenye benchi la nyuma na kusema, naam, niliyeibiwa ni mimi, na mbuzi wangu hajarudi.

Waliotuachia desturi hii hawakuianza hivyo.

Kisa kinaanzia Gahini, mashariki mwa Rwanda, kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana iliyo juu ya Ziwa Muhazi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Rwanda ilikumbwa na njaa kali, na daktari kijana Mwingereza, Joe Church, aliyefika huko 1928, alikuwa amechoka mwili na roho. Mwaka 1929 alikwenda Kampala, na kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ya kiroho kama yake. Wakaketi wakasoma Biblia pamoja, Mzungu na Mwafrika, katika zama ambazo watu wa namna hizo mbili hawakuwa na mazoea ya kuketi hivyo. Wanaosimulia Uamsho wa Afrika Mashariki, wimbi la toba lililotuachia desturi hii ya ushuhuda, hupenda kuanzia hapo. Mimi napenda kuanzia miaka miwili baadaye, kwa mtu ambaye jina lake halitajwi sana.

Yosiya Kinuka alikuwa mkuu wa wahudumu Waafrika wa hospitali ya Gahini. Mambo pale hayakuwa mazuri. Kazi ilifanywa kwa shingo upande, wahudumu walinung'unika, na kati ya Kinuka na daktari wake uhusiano ulikuwa umepoa. Mwaka 1931 Kinuka akaenda Kampala, akamtembelea Nsibambi. Mwenyeji akamuuliza habari za hospitali, kama mwenyeji yeyote anavyomuuliza mgeni habari za atokako. Kinuka akamwaga malalamiko. Nsibambi akamsikiliza, kisha akamwambia kwamba hali ya hospitali ni mbaya kwa sababu ya dhambi iliyo moyoni mwake yeye Kinuka.

Hebu fikiria jibu hilo likitolewa leo. Mtu ametoka mbali, ana manung'uniko yenye haki ndani yake, kwa kuwa hakuna awezaye kusema kwamba misheni za wakati wa ukoloni ziliwatendea wafanyakazi wao Waafrika sawasawa. Alistahili pole. Badala yake anaambiwa ajitazame. Kuna siku nalisoma jibu la Nsibambi kama ukatili, na kuna siku naliona ndilo jibu pekee lililomheshimu Kinuka kama mtu mzima. Maana mengine yote yaliyokuwa yakimuudhi, mishahara, vyeo, kiburi cha wageni, yalihitaji watu wengine wakubali kubadilika. Hili moja lilihitaji yeye tu. Inasimuliwa kwamba alilitafuna neno hilo njiani akirudi Rwanda, na kabla ya kufika alikuwa amekwisha kulikubali. Waliobaki Gahini waliona aliyerudi siye aliyeondoka.

Kinachonivuta katika kisa hiki ni kwamba Kinuka hakujichunguza peke yake. Sisi tukisikia neno kujichunguza tunawaza mtu amefunga mlango, ameinamisha kichwa, taa imepunguzwa. Kinuka alikuwa amekwisha kukaa peke yake na moyo wake kwa muda mrefu, na alichokiona humo kilikuwa makosa ya watu wengine. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Daudi. Katika kitabu cha pili cha Samweli, mfalme amemtwaa mke wa Uria na kumuua Uria mwenyewe kwa upanga wa maadui, na miezi inapita bila dhamiri kumwamsha usiku. Nabii Nathani anamjia na kesi ya tajiri aliyemchinja mwana-kondoo wa pekee wa maskini. Daudi anawaka. Anahukumu papo hapo: mwizi huyo anastahili kufa, na alipe mara nne. Jicho lake la haki lilikuwa zima kabisa. Lilikuwa tu limeelekezwa nje.

Hiyo mara nne haikutoka hewani. Sheria ya Musa, katika Kutoka sura ya 22, ilimdai mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza kondoo huyo alipe wanne kwa mmoja. Lakini Hesabu sura ya 5 ina kipimo kingine, kwa ajili ya mtu anayekuja mwenyewe na kuungama: arudishe mali yote, aongeze juu yake sehemu ya tano, na ampe yule aliyemkosea. Sheria ilimpunguzia aliyejitokeza kwa hiari. Ndipo anakuja Zakayo katika Injili ya Luka, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, na hakuna aliyemshtaki popote, hakuna askari mlangoni. Kwa kipimo cha Hesabu angeongeza sehemu ya tano ya deni na mambo yakaisha. Yeye akajihukumu kwa kipimo cha mwizi aliyekamatwa: mara nne, na juu ya hapo nusu ya mali kwa maskini. Wahubiri wetu wanaupenda sana ule mti wa mkuyu. Watoto wa shule ya Jumapili wanauchora. Ile hesabu, ambayo ndiyo iliyowafanya jirani zake Zakayo waamini kwamba kuna jambo limetokea nyumbani kwake, hupitiwa mbio.

Watu wa Uamsho hawakuipita. Maungamo yalipofurika kwenye mkutano wa Gahini mwishoni mwa 1933, kisha yakaenea Kigezi, Ankole, Buganda, Burundi, yakavuka hadi Bukoba na Kenya, alama yake haikuwa kilio peke yake. Vitu vilirudi. Fedha zilirudi, mifugo ilirudi, mali ya misheni iliyokuwa imetoka kwa mlango wa nyuma iliingia kwa mlango wa mbele mikononi mwa aliyeichukua. Watu walikwenda kwa mguu kwa waajiri, kwa wakwe, kwa maadui wa ukoo. Walokole, kama walivyoitwa, wengine wakiwaita kwa kejeli, walikutana kila wiki katika ushirika mdogo na kuulizana jinsi kila mmoja alivyotembea na Bwana tangu walipoachana. Swali lilihusu wiki hiyo. Aliyekuwa na habari za mwaka aliookoka tu alionekana hana habari.

Na walikuwa watu wagumu kukaa nao, tukubali. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walipokataa kuacha mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yaliyowakera walimu na wenzao. Ukiwa mkuu wa chuo na kila asubuhi vijana wanaotakiwa kuwa mapadri wanawakemea wengine kwa wizi na kulegea, nawe unajua wanakuhesabu wewe pia, huenda ungefanya vivyo hivyo. Nuru wanayoisifu watu wanaotembea nuruni huwaumiza macho wanaoishi nao.

Tena ungamo lenyewe lina hatari zake, na wazee wa Uamsho walizijua mapema. Mwanamume anayesimama hadharani kuungama uzinzi humuungamia na mwanamke ambaye hakuombwa ruhusa, mwenye mume na watoto na kijiji. Moyo wake yeye umepata wepesi. Mzigo umehamia kwenye kichwa kingine. Sioni toba katika hilo. Toba ina anwani: inakwenda kwa aliyekosewa, kwa sauti inayomtosha yeye, na haiwapi wengine burudani. Hatari ya pili ni kwamba ungamo hugeuka cheti. Miongo michache baadaye, lilipotokea nchini Uganda kundi la waliojiita walioamshwa tena, orodha ya mambo ya kuungama ilirefuka mpaka ikaingiza madeni na mitindo ya nguo, na mtu akaweza kupimwa wokovu wake kwa bidii yake ya kujilaumu.

Hapa namkumbuka Mwafrika mwingine, wa mbali zaidi. Augustino alizaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, mwaka 354. Aliongoka Milano mwaka 386, akabatizwa mwaka uliofuata, akawa askofu wa Hippo, na katika miaka ya mwisho ya karne hiyo akaandika Maungamo. Wasomaji wengi huishia kitabu cha tisa kati ya vitabu kumi na vitatu vilivyomo. Hadi hapo kuna hadithi: mapeasi aliyoiba na wenzake akiwa kijana, suria aliyemwacha, mama mwombaji, bustani ya Milano. Huo ndio ushuhuda kama tunavyoujua, wa mambo yaliyopita. Lakini kitabu cha kumi kinafanya jambo ambalo askofu hakutarajiwa kulifanya. Anaacha kueleza alivyokuwa, anaanza kueleza alivyo, wakati huohuo anapoandika, akiwa askofu mwenye waumini wanaomsikiliza kila Jumapili. Kwanza anawashangaa hata wasomaji wake, kwamba binadamu ni hodari wa kutaka kuyajua maisha ya wengine na ni mvivu wa kuyarekebisha yake. Kisha anajikagua hisi kwa hisi. Chakula bado kinamshinda. Nyimbo za kanisani zinampendeza kuliko maneno yanayoimbwa. Akipita mashambani akamwona mbwa akimfukuza sungura, mawazo yake yanakwenda na mbwa. Nyumbani, mjusi akikamata nzi anamtoa kwenye sala.

Mjusi! Nampenda Augustino kwa ajili ya mjusi huyo kuliko kwa ajili ya mapeasi. Mapeasi ni ya ujana, yana utamu wa hadithi, na hayana tena wa kuyadai. Mjusi ni wa leo asubuhi. Hamfanyi askofu aonekane mwovu wa kutisha wala mtakatifu. Anamfanya aonekane mtu anayejifahamu.

Halafu anafika kwenye kupenda sifa, na hapo anakwama. Anasema, kwa maneno yangu mimi, kwamba ukitaka kujua kama chakula kimekutawala unaweza kufunga ukaona. Ukitaka kujua kama mali imekutawala unaweza kuigawa. Sifa je, utaijaribuje? Uishi vibaya ili watu waache kukusifu, upate kuona kama utaumia? Haiwezekani. Kwa hiyo hapa, anakiri, hajijui. Tena anaona kwamba mtu anaweza kusifiwa kwa ajili ya kudharau sifa, na akazifurahia. Mwenye kuungama hadharani akaitikiwa kwa vigelegele yuko ndani ya mtego huo huo hata kama kila neno alilosema ni la kweli. Sijui njia ya kutoka humo isipokuwa ile ya Zakayo, yaani kugharimika kwa kitu ambacho makofi hayawezi kukirudisha.

Ila kuna giza ambalo hata Zakayo hatusaidii kulimulika, na ni lazima turudi Rwanda kuliona.

Januari 1964, siku za mauaji dhidi ya Watutsi, Yona Kanamuzeyi, mchungaji Mwanglikana wa Nyamata na mtu wa Uamsho, alichukuliwa nyumbani kwake na askari, akauawa. Kosa lake lilikuwa kuwahudumia waliofukuzwa makwao bila kujali walikuwa wa kabila gani. Miaka thelathini baadaye, Aprili 1994, katika mji huohuo wa Nyamata, maelfu ya Watutsi walikimbilia kanisa Katoliki na wakauawa humo. Nchi nzima wengi mno wa wauaji na wa waliouawa walikuwa wamebatizwa. Nchi iliyotuzalia Uamsho, nchi ambamo watu walijifunza kuungama sindano ya hospitali na jembe la jirani.

Wako wanaosema kwamba hilo linathibitisha Uamsho ulikuwa povu. Kanamuzeyi anawajibu vya kutosha, na hakuwa peke yake. Lakini siwezi pia kujifariji kwamba wauaji walikuwa Wakristo wa jina tu, kana kwamba sisi tunaovuka barabara kwenda kanisani tumepimwa tukaonekana tofauti. Nionavyo mimi ni hivi: mtu huungama kwa urahisi dhambi ambayo jamii yake imekwisha kuihesabu kuwa dhambi. Pombe, wizi, uzinzi, kila benchi lilijua majina yake. Kumdharau Mtutsi au Mhutu hakukuwa na nafasi kwenye orodha ya wengi, kwa sababu kulipita mezani kama utani, kulifundishwa shuleni, kuliegemea kabila lililoandikwa kwenye vitambulisho tangu miaka ya 1930, na aliyekuwa nako alionekana mwana mwema wa watu wake. Hakuna Nathani anayekuja ikiwa Nathani naye anaamini hivyohivyo. Wachache waliopata kuliona giza hilo, kama Kanamuzeyi, walikuwa wameketi kwa miaka katika ushirika mmoja na watu wa upande wa pili, wakisikia kutoka kwao jinsi dharau inavyouma. Hawakuligundua chumbani.

Kwa hiyo nikijiuliza leo, Dar es Salaam au Bukoba au Nairobi, ni dhambi ipi ya Wakristo wa kizazi chetu itakayowashangaza wajukuu, siitafuti tena kwenye zile tunazozililia. Naitafuta kwenye zile zinazotuletea pongezi. Namna tunavyomlipa binti wa kazi za ndani, tukisema tumemsaidia. Namna sadaka kubwa isivyoulizwa imetoka wapi. Namna tunavyolitaja kabila la jirani tukiwa wenyewe kwa wenyewe, na wote tunacheka, mchungaji pia.

Rwanda yenyewe ilijaribu njia ya maungamo baadaye, kwa lugha ya sheria. Mahakama za gacaca, zilizoanza 2002 na kufungwa 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni mbili mbele ya wanakijiji. Mshtakiwa aliyekiri alipunguziwa kifungo, lakini ilimlazimu aseme alichofanya, awataje aliofanya nao, na aonyeshe miili ilipo. Unaweza kuuliza, na wengi wameuliza, ungamo linalofupisha kifungo lina thamani gani ya rohoni. Walionusurika wengi walikuwa na swali la karibu zaidi: yuko wapi mwanangu, nimzike? Mkristo anayedhani toba ni jambo la siri kati yake na Mungu akae kidogo na swali hilo. Huyo mama hahitaji kujua muungamaji anajisikiaje.

Mwisho nimtaje Festo Kivengere, kwa kuwa kisa chake kinakwenda upande mwingine, upande wa aliyekosewa. Alikuwa Mganda wa Kigezi, mtoto wa Uamsho, mwalimu Dodoma kwa miaka mingi kabla ya kuwa askofu wa Kigezi. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa na utawala wa Idi Amin. Kivengere, akijua zamu yake inakuja, alikimbia usiku na mkewe kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huo ilimkuta London, kanisani, akiyatafakari maneno ya Yesu msalabani ya kuwaombea msamaha waliomsulubisha. Akagundua kwamba anamchukia Amin, na kwamba chuki hiyo inakua, inamla nguvu na kumpooza. Akaomba asamehewe. Mwaka huohuo akachapisha kijitabu ambacho kichwa chake kilitangaza kwamba anampenda Idi Amin, na Waganda wenzake wengi uhamishoni hawakufurahishwa nacho.

Nawaelewa. Chuki yao ilikuwa na sababu, na hakuna orodha ya dhambi duniani ambayo ingethubutu kuitaja mwezi huo. Kila mtu angempa Kivengere haki. Ndiyo maana naona alifika mahali ambapo wachache hufika: aliungama kitu ambacho hakuna aliyemdai, ambacho rafiki zake wangemsifu kwa kuendelea nacho. Wala hakuacha kuueleza ulimwengu mauaji ya Kampala. Aliyaeleza kwa miaka miwili mfululizo, nchi hadi nchi, akikusanya misaada kwa ajili ya wakimbizi. Amin hakubadilika hata kidogo kwa kusamehewa. Alibaki madarakani hadi Aprili 1979, alipoondolewa na majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni, na Kivengere akarudi Kigezi kufanya kazi katika dayosisi yenye wajane wengi kuliko alivyoiacha, miongoni mwa watu ambao baadhi yao walikuwa bado hawajamwelewa kuhusu kile kijitabu.